Mhuni wa Mashineni

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia nikiwa nimeinamia sufuria, nikiwa kanisani, hata nikiwa nacheka na watu. Nilikuwa na miaka ishirini, nakaa Ubaruku kwa mama mdogo, na nilikuwa na mdomo. Wazee wa kwetu Iringa walikuwa wakisema mdomo wa Twilumba unaamka kabla ya macho yake. Nilidhani wananisifu.

Mama mdogo alikuwa akiwapikia vibarua wa mpunga. Msimu wa kupandikiza watu walitoka kila upande: Wahehe na Wabena kutoka juu kwenye baridi, Wanyakyusa, Wasafwa, na wenyeji Wasangu wenye majaruba yao. Kazi yangu ilikuwa kuchochea moto, kugawa wali na maharage, na kujua habari za kila mtu. Hiyo ya tatu nilijipa mwenyewe.

Siku hiyo mchana, vibarua wameshakula na kurudi majarubani, wakaja wazee watatu. Nikawaamkia, wakaketi kwenye benchi, lakini hawakutaka chakula. Aliyeongoza alikuwa Mzee Anyisile, baba wa rafiki yangu Atupele. Nilijua kilichowaleta, maana Atupele hakunificha kitu. Kijana mmoja anaitwa Chesco alikuwa amemposa. Mshenga wake, Mzee Lutengano, alikuwa amepeleka jembe jipya la posa, na jembe hilo lilikuwa bado nyumbani kwa akina Atupele likingoja jibu.

Kwetu huku, jibu la posa halitoki mpaka watu wameenda kuulizia. Wanasafiri hadi kwao kijana, wanafikia kwa jirani, wanauliza polepole. Huko nyumbani kuna ugomvi? Kuna uvivu? Anakunywa? Anapiga? Ni kazi ya siku kadhaa na haina njia ya mkato. Lakini ulikuwa msimu, maji yamefunguliwa, na hakuna aliyetaka kuliacha jaruba lake akapande milima ya Kilolo, kwao Chesco. Mmoja wao akasema, kwani yule binti anayepika si wa huko huko?

"Mwanangu," Mzee Anyisile akaniambia, "wewe na Chesco mnatoka upande mmoja. Tuambie, ni mtu wa namna gani?"

Sasa nisikilize vizuri. Mimi Chesco sikumjua. Kati ya kwetu na kwao ulikuwepo mlima mzima. Nilichojua ni kwamba analala mashineni, pale panapokobolewa mpunga, na mwenye mashine amemwachia funguo. Krismasi hakwenda kwao. Hakuna ndugu aliyewahi kuja kumwona. Ukimuuliza habari za kwao, anacheka kidogo na kubadilisha maneno. Basi, ni hayo tu. Jibu la kweli lilikuwa neno moja: simjui.

Lakini wazee watatu wamekuja kuniuliza mimi, msichana wa kuosha sufuria! Niliona aibu kuwarudisha mikono mitupu. Nikajifuta mikono kwenye kanga, nikabetua mdomo.

"Yule? Mhuni tu yule."

Hawakuuliza zaidi. Mzee Anyisile aliinamisha kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo alilokuwa analiogopa siku nyingi, akanishukuru, wakaondoka. Mimi nikarudi kwenye vyombo vyangu najiona mtu mzima. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, walisema waliotutangulia, nami methali hiyo niliijua kwa moyo. Kuijua methali na kuifuata ni mambo mawili.

Kesho yake asubuhi jembe lilirudishwa. Mzee Lutengano alilibeba begani kutoka kwa akina Atupele mpaka kwake, na njia ile inapita katikati ya soko. Jembe la posa likirudi halihitaji mtangazaji. Kabla ya saa sita mwenye mashine alikuwa ameshachukua funguo zake. Alisema hawezi kulaza mhuni kwenye mpunga wa watu.

Mchana ule niliwagawia vibarua chakula huku nasikiliza. Mmoja alisema Chesco alitoroka na mke wa mtu huko kwao. Mwingine akasema hapana, aliacha binti wa watu na mimba. Wa tatu alikuwa na hakika kwamba aliwahi kufungwa. Mama mdogo akatingisha kichwa akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mimi nilisema neno moja tu, hayo mengine sikuyasema mimi. Lakini nilikuwa nimewafungulia mlango, na kila mmoja aliingia na mzigo wake.

Jioni Atupele akaja. Hakukaa.

"Twilumba, ulimwona na nani?"

"Watu wanasema," nikajibu.

"Watu wanasema wewe ndiye uliyesema." Akaningoja. Hakuwa analia, na ningeshukuru kama angelia. "Kama ulimwona na mwanamke niambie jina lake. Nimchukie, nipumzike."

Nikamwambia maji yanachemka, nikageukia jiko. Maji hayakuwa yanachemka, mwanangu. Niliinama pale mpaka nikasikia hatua zake zimekwisha.

Siku ya tatu nikaitwa. Mzee Lutengano alikuwa ametuma ujumbe kwa Mzee Anyisile kwamba mshenga aliyerudishiwa jembe ana haki ya kumsikia shahidi kwa masikio yake. Nikamkuta uani kwa akina Atupele amekaa na wale wazee watatu. Atupele alikuwa amesimama mlangoni nyuma ya mama yake. Chesco hakuwepo. Niliambiwa alfajiri ile alidandia lori la mchele linaloelekea Mbeya, akiwa na mfuko mmoja.

Mzee Lutengano alikuwa mwembamba, sauti yake ya chini, mtu wa kukohoa kwanza kabla ya kusema. Siku hiyo hakukohoa.

"Binti, umesema Chesco ni mhuni. Mhuni ni nini?"

Nilidhani ni swali jepesi. Nikasema mhuni ni mtu asiyejizuia. Anafanya anachotaka, wanawake, pombe, wizi, haoni haya.

"Vizuri. Katika hayo wewe umeona lipi?"

Nikaanza kufunga kanga yangu upya.

"Nakuuliza lipi, kwa sababu jina hilo nimewahi kulivaa." Akawageukia wenzake. "Nyie hamjui. Mimi enzi za mkoloni nilikwenda kukata mkonge Tanga kwa mkataba, wale walioitwa manamba. Mkataba ulipokwisha nikaingia mjini kutafuta kazi. Askari akanisimamisha. Kwenu wapi? Kazi yako wapi? Nani anakujua hapa? Sikuwa na mtu. Nikapandishwa kwenye lori na wenzangu, tukaandikwa wahuni, tukarudishwa. Sikuwa nimeiba hata muhogo. Mke wa mtu sikumjua hata kwa sura. Kosa langu lilikuwa kwamba katika mji mzima hakuna kinywa cha kusema, huyu namjua."

Mzee Anyisile akasogeza kigoda chake karibu.

"Hapo ndipo neno lilipotoka," akaendelea. "Mhuni wa zamani ni mtu anayetangatanga. Hana kwake, hana mke, hana mzee wa kumwambia acha. Watu wakaona kwamba mtu asiye na wa kumwambia acha, mara nyingi atafika mahali ambapo haachi. Polepole neno likatoka kwenye miguu yake likaingia kwenye tabia yake. Siku hizi mnalitaja kwa tabia tu, mmesahau lilianzia kwenye upweke. Sasa binti, mimi sitaki tabia ya Chesco uliyoisikia sokoni. Nataka uliyoiona. Wazee hawa wamemnyima mke, mwenye mashine amemnyima pa kulala, na wote wamekuegemea wewe. Umeona nini?"

Mwanangu, nimezaa watoto wanne na nimezika mume. Sijawahi kulibeba neno zito kama lile nililotakiwa kulitoa pale. Nilitazama mlangoni. Atupele alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Sikuona kitu," nikasema. "Simjui."

Mama yake Atupele akapiga kofi paja lake. Mzee Anyisile alisimama, na kwa muda nilidhani atanipiga, na ningekubali. "Simjui!" akarudia. "Kumbe ulikuwa nalo neno hilo! Mbona hukutupatia siku ile?"

"Niliona aibu, baba. Mlinijia mimi, nikaona aibu kusema sijui."

Hapo Mzee Lutengano akakohoa. Alimwambia Mzee Anyisile kwa upole kwamba aibu ile si yangu peke yangu, maana waliokwepa safari ya Kilolo ni watu wazima. Mzee Anyisile akakaa. Kisha Mzee Lutengano akaniambia, "Vaa viatu. Tunamfuata. Akishavuka mpaka wa Tunduma, huyu hatumpati tena."

Tulisimamisha lori kule Igawa. Mvua ilikuwa inanyesha, na njia nzima kupitia Chimala na Inyala mzee yule alikuwa akichungulia kila lori. Nilimwomba Mungu lori lile la mchele liharibike, lipasuke gurudumu, lolote, mradi tumkute. Tulimkuta Uyole, mahali malori yalipokuwa yanasimama kabla ya kuendelea na safari ya Zambia. Alikuwa amekaa chini ya turubai na matingo wanne wa malori, ana kikombe cha pombe ya komoni mkononi. Mimi Chesco sikuwahi kumwona anakunywa. Dereva wao alikuwa ameshawasha gari.

Alipotuona alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. "Shikamoo mzee. Mmemfuata mhuni? Ameshapata wenzake."

Matingo wakacheka naye. Mzee Lutengano alinisukuma mbele kwa vidole viwili mgongoni. Nikasema mbele yao wote, mvua inanipiga, kwamba mimi ndiye niliyemwita mhuni, kwamba sikuwahi kuona ubaya wake wowote, na kwamba wazee waliponiuliza nilipaswa kusema simjui.

Akanigeukia. "Na leo unanijua?"

"Hapana."

"Basi usirudi huko ukasema mimi ni mtu mwema. Utakuwa umedanganya tena."

Neno hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana. Dereva akapiga honi. Mmoja wa matingo akamwambia, "Twende bwana, wa nini hawa?" Chesco akainuka, akashika mfuko wake.

Ndipo Mzee Lutengano akamuuliza lile swali ambalo kijana yule alikuwa analikimbia. Lakini hakuuliza kwa sauti ya askari. Aliuliza kama tunavyoulizana kwetu mgeni anapokaribishwa: "Mlongo wako nani, kijana?" Kwa Wahehe, mlongo ni lile jina la sifa la ukoo ambalo mtu huamkiwa nalo. Ukiulizwa mlongo, umeshaanza kuhesabiwa ndani ya nyumba ya watu.

Chesco aliuweka mfuko chini. Kisha akautaja kwa sauti ndogo, na baada ya hapo maneno yakamtoka yenyewe. Baba alikufa. Baba mdogo akachukua mashamba, akamwambia mwanaume mzima hutafuta vyake. Alipobisha, alitupiwa vitu nje mbele ya kijiji. Hakutaka mtu yeyote wa Ubaruku ajue kwamba amefukuzwa kwao kama mbwa mwizi.

"Kwa hiyo sina kwetu," akasema. "Binti hakukosea sana."

"Ulikuwa huna," akajibu Mzee Lutengano. "Ukiulizwa tena, sema unatoka kwa Lutengano. Na ukinywa tena komoni saa saba mchana, nitakuambia acha."

Dereva akapiga honi mara ya pili. Chesco aliangalia lori, akamwangalia mzee, kisha akamrudishia tingo kikombe chake. Lori likaondoka bila yeye.

Ungependa niishie hapo, eh? Hata mimi ningependa. Baada ya mavuno Mzee Anyisile na wenzake walikwenda Kilolo kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, wakafikia kwa majirani, wakaulizia siku tatu. Walirudi wameridhika, na Atupele akaolewa. Harusini nilipika, lakini bibi harusi hakuja jikoni kunisalimia. Ilichukua miaka kumi na moja kabla hajanitamkia jina langu.

Nami nilizunguka. Nilikwenda mashineni, sokoni, kwenye mifereji, kila mahali nilipodhani neno langu limefika, nikasema nilikosea. Watu walinisikiliza vizuri. Wengine walinisifu kwa ujasiri. Kesho yake wakisimulia habari zake walisema, "Chesco yupi? Yule mhuni wa mashineni?" Hawakuwa na chuki. Lilikuwa limeshakuwa jina lake. Funguo hakurudishiwa kamwe.

Sasa sikia la mwezi uliopita, ndilo lililonifanya nikuite ukae hapa. Walinijia wageni wawili hapa Soweto, mjini Mbeya, mume na mke, watu wazima wa heshima kutoka Tukuyu. Mtoto wao wa kiume anataka kuoa binti wa mwisho wa Chesco na Atupele, yule mwalimu. Walishafika Ubaruku kuulizia, nao wakaelekezwa kwangu kwa kuwa nimeishi kule.

"Mama," akasema yule mwanaume, "binti hatujasikia baya lake. Lakini kule mtu mmoja ametuambia baba yake alikuwa mhuni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunaogopa. Wewe unasemaje?"

Mkwe wangu alikuwa anamimina chai, akasimama na chupa hewani. Katika mtaa huu mimi ni mtu wa kuombwa ushauri, wewe unajua. Akina mama wa kanisani huniita kusuluhisha ndoa zao. Ningeweza kusema "si kweli" nikaishia hapo, na heshima yangu ikabaki palepale.

Nikawaambia neno hilo ni langu. Nikawasimulia yote, la aibu, la jembe, la Uyole, mbele ya mkwe wangu. Nikawaambia Chesco sasa namjua, nimemjua miaka arobaini, na sijaona uhuni wake hata siku moja.

Yule mama wa Tukuyu alinisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini. "Tunakushukuru, dada. Lakini tusaidie kitu kimoja. Wakati ule uliulizwa ukasema hivi. Leo umeulizwa unasema vile. Sisi tukuamini lipi?"

Nilitoka nikawasindikiza hadi kituoni, na hii ni wiki ya nne, jibu lao halijafika, na mtoto wa watu anangoja. Jana Atupele alinipigia simu. Hakunilaumu. Aliniuliza tu kama wamesema chochote, na nilipomwambia bado, akasema haya, asante, akakata.

Kwa hiyo mwanangu, ninalokuusia ni hili. Ukiulizwa habari za mtu usiyemjua, sema simjui, hata kama aliyekuuliza amevaa kofia kubwa kiasi gani. Hakuna aliyewahi kufa kwa neno hilo. Ninyi siku hizi hata hamngoji kuulizwa. Mna simu mkononi, unaona picha ya binti wa watu yuko mahali fulani na mtu fulani, kidole kinaandika "mhuni", na watu mia wamesoma kabla hujameza mate. Mimi neno langu lilitembea kwa miguu na bado nimeshindwa kulikamata. La kwako lina mabawa.

Na ukikutana na mtu ambaye kweli ameshindwa kujizuia, kabla hujamtupa, muulize ana nani wa kumwambia acha. Wapo wabaya kabisa, sikatai, mimi si mjinga. Lakini wengi utakuta walianza kwa kukosa mtu. Na wewe mwenyewe, popote utakapokwenda kusoma au kutafuta, Dar, Dodoma, huko Ulaya, tafuta mtu mmoja mwenye ruhusa ya kukuambia acha, nawe uache. Siku ukiona umewakimbia wote wenye ruhusa hiyo, jua kwamba umeshaanza kuhuni, hata kama unavaa tai na unasali kila Jumapili.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu aufanye ulimi wako uwe mzito mahali ambapo wangu ulikuwa mwepesi. Akupe macho ya kuona kabla ya kusema, na ukikosea akupe magoti ya kurudi mapema, watu wangali hai na jina halijazaa. Na popote utakapoulizwa kwenu wapi, asikosekane hata mmoja wa kusema: huyu namjua.